Mhusika mkuu wa filamu za shule za Japani ni ratiba

Mwaka 2025 filamu ya Linda Linda Linda ya mwongozaji Yamashita Nobuhiro ilirudi kwenye kumbi za sinema za Japani na Marekani, picha zake zikiwa zimesafishwa upya kwa kiwango cha 4K, miaka 20 tangu itoke. Mwaka huohuo Happyend ya Neo Sora, iliyokuwa imeonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2024, ikawafikia watazamaji wa Marekani. Miaka miwili nyuma, Typhoon Club ya Somai Shinji, filamu ya 1985, ilikuwa imepewa nakala mpya na kuanza kuzunguka ng'ambo, na Monster ya Kore-eda Hirokazu ilikuwa imetwaa tuzo ya muswada bora kwenye tamasha la filamu la Cannes. Ghafla wanafunzi wa Japani wamekuwa gumzo la wapenzi wa sinema, na gumzo lenyewe limegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inazisifu filamu hizi kwa utamu wa kumbukumbu: ujana, maua ya mcheri, mapenzi yasiyotamkwa. Ya pili inazichukua kama ripoti ya daktari kuhusu jamii inayougua: uonevu, upweke, watoto waliobanwa na sheria. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zimekosea pa kutazama. Filamu bora za aina hii zinaihusu taasisi, na hasa namna taasisi inavyogawa muda: nani yuko wapi saa ngapi, kazi gani iishe kabla ya siku gani, na nani hayupo pale anapotakiwa kuwapo. Mapenzi na uonevu vimo, ila vinaingia kwa mlango huo.

Tuanze na kalenda, maana bila kalenda nusu ya matukio hayaeleweki. Mwaka wa masomo Japani huanza Aprili na kumalizika Machi. Shule ya msingi ni miaka 6, sekondari ya chini 3, sekondari ya juu 3. Miaka 9 ya mwanzo ndiyo ya lazima, lakini karibu watoto wote huendelea. Likizo ndefu huanza mwishoni mwa Julai na kukatika mwishoni mwa Agosti. Tamasha la utamaduni la shule, ambapo kila darasa na kila klabu huandaa onyesho au kibanda chake, kwa shule nyingi huangukia majira ya vuli. Sare nyepesi huvaliwa kuanzia Juni, nzito hurudi Oktoba, na mitihani ya kuingia vyuo vikuu huanza Januari. Klabu za baada ya masomo, iwe besiboli au bendi ya tarumbeta, hukutana karibu kila siku, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwa kawaida huiaga klabu yake wakati wa kiangazi ili akajisomee. Kwa hiyo mwandishi wa muswada akishachagua kama mhusika wake yuko mwaka wa pili au wa tatu, na kama hadithi ni ya Mei au ya Oktoba, amekwisha kuchagua pia ni shinikizo gani litamkaba. Mwanafunzi wa mwaka wa pili bado ana nafasi ya kujidanganya kwamba muda upo. Wa mwaka wa tatu, vuli ikiingia, kila anachokifanya shuleni anakifanya kwa mara ya mwisho, na anajua.

Linda Linda Linda imejengwa juu ya hesabu hiyo. Zimebaki siku tatu bendi ya wasichana ipande jukwaani kwenye tamasha. Mpiga gitaa ameumia kidole, mwimbaji amegombana na wenzake. Kei, aliyezoea kinanda, anahamia kwenye gitaa. Wanaamua kupiga nyimbo za The Blue Hearts, bendi ya panki ya miaka ya 1980, na kumwomba Son, mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Korea Kusini anayeigizwa na Bae Doona, aimbe kwa Kijapani ambacho hajakimudu. Uchaguzi wa panki ni ufundi wa muswada. Koda za gitaa ni chache, mdundo umenyooka, uimbaji unataka mapafu kuliko mafunzo, hivyo mtazamaji anakubali kwamba siku tatu zinatosha kufika mahali pa kusikilizika. Wangechagua jazi, hadithi ingedai miezi, na kweli Swing Girls ya Yaguchi Shinobu ya mwaka 2004, inayohusu bendi ya jazi, inapita katika majira kadhaa ya mwaka, na waigizaji wake walijifunza vyombo hadi wakapiga wenyewe mbele ya kamera. Angalia pia mapenzi yanavyoshughulikiwa na Yamashita. Mvulana anamvuta Son pembeni na kumtamkia mapenzi kwa Kikorea alichokikariri. Son anamsikiliza kwa adabu, kisha anaondoka kwa sababu wenzake wanamsubiri mazoezini. Kyoko, mpiga ngoma, anapata nafasi ya kusema lake kwa kijana anayempenda na anashindwa. Katika filamu inayouzwa kama kumbukumbu tamu ya ujana, mapenzi yamepangwa foleni nyuma ya mazoezi, na zamu yake haifiki.

Mfano ulio wazi zaidi ni The Kirishima Thing ya Yoshida Daihachi, ya mwaka 2012, iliyotokana na riwaya ya Asai Ryo na ambayo mwaka uliofuata ilipewa tuzo ya filamu bora ya Japan Academy. Kirishima, nyota wa voliboli, anaacha klabu siku ya Ijumaa. Hatumwoni hata mara moja. Filamu inairudia Ijumaa hiyo mara kadhaa kwa macho ya watu tofauti, na kila mzunguko unatuonyesha kitu kimoja: ratiba ya watu wengi ilikuwa imefungwa kwa mtu mmoja. Vijana wasio na klabu walikuwa wakicheza mpira wa kikapu nyuma ya jengo kila jioni ili kumsubiri Kirishima atoke mazoezini; akishatoweka, mmoja wao anauliza kwa nini bado wanacheza, na hakuna mwenye jibu. Mchezaji wa akiba wa voliboli anasukumwa kwenye nafasi isiyolingana na uwezo wake. Nahodha wa besiboli, mwaka wa tatu, ambaye kalenda inasema alipaswa kuwa amekwisha kustaafu, bado anafanya mazoezi. Anasema atangoja mpaka siku ya usajili wa wachezaji wa kulipwa ipite, ingawa hakuna timu iliyomtafuta. Huyu nahodha ana dakika chache tu kwenye filamu, na kwangu ndiye anayeibeba. Ukiitazama kama hadithi ya matabaka ya umaarufu shuleni, unapata filamu nzuri. Ukiitazama kama saa iliyopotelewa na mshale wake, unaelewa kwa nini ilibidi Ijumaa irudiwe.

Kuna hoja inayopendwa sana huko nje kwamba utulivu wa filamu hizi, zile picha ndefu za korido na madirisha, ni falsafa ya Kijapani iliyogeuzwa kuwa picha. Siipingi moja kwa moja, ila inaruka mambo ya kawaida ya kazi. Darasa la Japani lina umbo lililozoeleka: chumba cha mita 7 kwa 9 hivi, madirisha makubwa upande wa kusini, korido upande wa kaskazini, wanafunzi wakielekea ubao ili mwanga utoke kushoto na kivuli cha mkono wa kulia kisifunike maandishi. Sheria inaruhusu hadi wanafunzi 40 kwa darasa la sekondari ya juu. Mwongozaji anayeingia humo ana madawati yaliyobanana na jua la upande mmoja. Akimweka mhusika wake dirishani safu ya nyuma, anapata mwanga wa bure usoni na hahitaji kujaza nyuma yake waigizaji wa ziada, ambao wote wanatakiwa kukaa kiti kilekile, kwa sare ileile, siku zote za upigaji picha. Akimweka katikati, anajitafutia taabu: kiti kimoja kikibadilishwa mtu, mhariri ataona, na watazamaji wakali wataona. Paa nalo lina sababu zake. Kwenye shule nyingi halisi mlango wa kwendea paani hufungwa kwa ajili ya usalama, lakini kwenye filamu paa ndilo mahali pekee ambapo wanafunzi wawili wanaweza kuzungumza bila darasa zima kusikia, na anga ndiyo taa.

Halafu kuna suala la lini unapiga picha. Shule inayofanya kazi inapatikana kwa siku za kutosha wakati wa likizo ya kiangazi tu. Hapo filamu ya Oktoba inapigwa Agosti: waigizaji wamevaa sare nzito kwenye joto, jasho linafutwa kila baada ya shoti, na nyenje wanapiga kelele kiasi kwamba mazungumzo hurekodiwa upya studioni. Njia ya kuepuka hayo ni jengo la shule lisilotumika tena, na Japani ina hazina yake. Katika takriban miaka 20 shule za umma zaidi ya 8,000 zimefungwa, wanafunzi wakipungua, na ofisi za mikoa zinazosaidia watengenezaji filamu huyatangaza majengo hayo kama maeneo ya kupigia picha. Linda Linda Linda yenyewe ilitumia jengo lililoachwa na shule ya ufundi huko Maebashi, mkoa wa Gunma. Ukimya ambao mtazamaji wa mbali anausoma kama tafakuri, kwa sehemu ni ukimya wa jengo ambalo kweli halina watu.

Turudi kwa kambi ya kumbukumbu tamu, kwa sababu ina hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Kwa idadi, filamu nyingi za shule zinazotengenezwa Japani ni mapenzi ya wanafunzi yaliyotolewa kwenye manga, yaani vitabu vya hadithi za katuni, za wasichana, na katikati ya miaka ya 2010 zilifuatana kama mabasi ya jioni. Zinazaliwa na kamati ya uzalishaji: kituo cha televisheni, msambazaji, mchapishaji wa manga, wakala wa wasanii na kampuni ya matangazo, kila mmoja akichangia fedha na kila mmoja akitaka chake kionekane. Manga inaleta wasomaji waliokwisha kuhesabiwa, wakala analeta sura inayouza, na sura hiyo ina nafasi ya wiki chache kabla ya tamthilia yake inayofuata. Matokeo ni shule isiyo na masomo. Hakuna anayefagia wala anayechelewa treni, mitihani hutajwa ikihitajika kumtenganisha kijana na mpenzi wake, na mwaka mzima huwa misimu minne ya nguo. Hizo ni filamu za kumbukumbu, na sidai zaidi. Ninachokataa ni kuzipima filamu za Yamashita au Yoshida kwa kipimo hicho kwa kuwa tu sare zinafanana. Somai mwenyewe alipitia kiwanda cha aina hiyo: Sailor Suit and Machine Gun ya mwaka 1981 aliitengeneza kwa ajili ya nyota kijana wa kampuni ya Kadokawa, Yakushimaru Hiroko, na ndani ya amri hiyo ya kibiashara akaweka picha ndefu zisizokatwa ambazo hakuna kamati ingeziomba.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya ripoti ya daktari: kwamba filamu hizi zinathibitisha jinsi vijana wa Japani walivyo. Battle Royale ya Fukasaku Kinji ndiyo ushahidi unaoletwa kila mara. Wanafunzi 42 wa sekondari ya chini wanapelekwa kisiwani na kuamriwa wauane mpaka abaki mmoja. Hata kabla haijatoka Desemba 2000 ilizua mjadala hadi bungeni, na mpaka leo inatajwa kama picha ya kizazi kilichopotoka. Lakini Fukasaku alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1945, akiwa na miaka 15, alifanya kazi katika kiwanda cha silaha na wanafunzi wenzake. Mizinga ilipopiga, waliobaki hai ndio waliookota miili, na mara nyingi alisimulia kwamba hapo ndipo imani yake kwa watu wazima ilipokufa. Filamu inayodaiwa kuwaeleza vijana wa mwaka 2000 inawaeleza wa 1945. Na tazama mtambo wake: muda wa siku tatu, matangazo kila baada ya saa 6 yakitaja waliokufa na maeneo yaliyopigwa marufuku, mwalimu akisoma orodha ya majina. Ni ratiba ya shule iliyotiwa bunduki. Uonevu upo Japani, na ni mkubwa kiasi cha kutungiwa sheria maalumu mwaka 2013, lakini anayetaka kuujua asome takwimu za wizara ya elimu. Filamu itamwonyesha kitu kingine: jinsi shule inavyoupokea. Monster inafanya hivyo kwa ukatili wa utulivu. Mama anakwenda kulalamika kwamba mwanawe ameumizwa, na walimu wanasimama mstari mmoja, wanainama, na kusoma maneno ya kuomba radhi yaliyoandaliwa. Hadithi inarudiwa mara tatu, kwa mama, kwa mwalimu, kwa watoto, na kila mara inaanzia kwenye moto wa jengo moja mjini, ili tujue tuko saa ngapi.

Typhoon Club ndiyo inayozitia kambi zote mbili aibu. Wanafunzi wachache wa sekondari ya chini mjini mkoani wanajikuta wamefungiwa shuleni usiku wa kimbunga. Kengele hazilii tena, walimu hawapo. Kinachofuata si uhuru mtamu wala si ugonjwa. Ni watoto wasiojua la kufanya na saa ambazo hakuna aliyezipanga. Wanacheza muziki jukwaani, wanavua nguo na kucheza mvuani, na kabla ya hapo mvulana mmoja anamwandama msichana ndani ya jengo tupu katika tukio refu, gumu kutazamika. Somai alijulikana kwa kuwarudisha vijana mazoezini mara nyingi bila kuwaeleza wamekosea nini, kisha kupiga tukio zima kwa shoti moja kutoka mbali. Njia hiyo ina gharama: mtu akikosea dakika ya nne, zote nne zimekwenda. Faida yake ni kwamba kijana akichoka huacha kuigiza, na mwili wake unasema ukweli. Sina hakika kwamba mazoezi ya namna hiyo, na matukio ya namna hiyo kwa waigizaji wa umri huo, yangeruhusiwa leo, na si jambo la kusikitikia. Katikati ya usiku Mikami, mwanafunzi mwenye akili kuliko wote, anampigia simu mwalimu wake aliyelewa nyumbani na kumwambia hatakuwa kama yeye kamwe. Mwalimu anamjibu kwamba miaka 15 ikipita atakuwa yeye. Hata bila kengele, ratiba imemfikia kwa simu. Filamu hiyo ilipewa tuzo kuu ya sinema changa katika tamasha la kwanza la kimataifa la filamu la Tokyo.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja hapa ambayo mhakiki wa Ulaya hana. Mwaka 2023 Ema Ryan Yamazaki alitoa The Making of a Japanese, filamu ya hali halisi iliyopigwa mwaka mzima katika shule ya msingi ya umma ya Setagaya, Tokyo, na ufupisho wake, Instruments of a Beating Heart, ukateuliwa kuwania Oscar mwaka 2025. Watazamaji wengi wa Magharibi walishangazwa na watoto wanaofagia darasa na kupakuliana chakula. Misri tangu mwaka 2018 imefungua shule zinazofuata mfumo huo. Aliyesoma Morogoro au Kisumu hashangazwi na ufagio, mstarini asubuhi, wala sare. Anachotakiwa kukitafuta ni kile kinachokosekana: kiranja na fimbo. Adhabu ya viboko imekatazwa kisheria Japani tangu 1947, ingawa ndani ya klabu za michezo haikuisha hivyo kirahisi, na majukumu ya darasa huzunguka kwa zamu ili kila mmoja asimamie na kila mmoja asimamiwe. Hadithi yetu ya shule huwa na mtu wa kuchukiwa, awe kiranja mkuu au mwalimu wa zamu. Filamu ya Japani mara nyingi haina mtu huyo, kwa sababu mamlaka yametandazwa sawa kwenye madawati yote 40, na ndiyo maana mzozo wake unakuja kama ukimya, kutengwa, au mtu mmoja kuacha klabu. Happyend inalieleza hilo kwa kulivuruga: mkuu wa shule, baada ya gari lake kusimamishwa wima kwa utani, anaweka mfumo wa kamera unaowakata wanafunzi alama. Mara mamlaka yanapopata sura moja, filamu ya shule inageuka kuwa ya siasa, na wanafunzi wanakwenda kukalia ofisi yake.

Swali la maana zaidi sasa ni nini kitazipata filamu hizi shule yenyewe ikipungua. Mwaka 2024 watoto waliozaliwa na Wajapani nchini humo walikuwa chini ya 700,000. Katika mwaka wa masomo wa 2023, watoto zaidi ya 346,000 wa msingi na sekondari ya chini walihesabiwa kuwa hawahudhurii shule, yaani walikosa siku 30 au zaidi bila sababu ya ugonjwa au fedha. Wanafunzi wa sekondari ya juu wanaosoma kwa njia ya posta na mtandao walikaribia 300,000 mwaka 2024. Hao hawana kiti dirishani wala paa, wala Ijumaa ya pamoja. Lonely Castle in the Mirror, katuni ya Hara Keiichi ya mwaka 2022 kutoka kwa riwaya ya Tsujimura Mizuki, ilijaribu kuwafuata: watoto saba, karibu wote wasiokwenda shule, wanaingia katika ngome kupitia kioo. Ngome hiyo inafunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, atakayechelewa kutoka analiwa na mbwa mwitu, na mlango utafungwa moja kwa moja mwishoni mwa Machi, mwaka wa masomo unapomalizika. Hata wakimbizi wa shule wamepewa ratiba ya shule, kwa kuwa hadithi isingesimama bila hiyo. Anayetaka kuwasimulia wale 300,000 kama walivyo itabidi atafute kitu kingine cha kuubana muda, pengine zamu za dukani usiku au siku ya mwisho ya kutuma kazi mtandaoni, na filamu itakayotoka humo haitakuwa na haja ya jengo lolote la Maebashi.